Hasira za mtoto mwenye usonji na jinsi ya kumsaidia ajidhibiti

MTOTO wa miaka saba anajitupa sakafuni ndani ya supamaketi, anagonga kichwa chake chini na kumng'ata mamaye mkono anapojaribu kumwinua. Wanunuzi wanasimama kutazama. Mmoja anatikisa kichwa, mwingine anasema kwa sauti kwamba watoto wa siku hizi wamekosa kiboko. Baada ya dakika ishirini mtoto amenyamaza, amelowa jasho, na mamaye anaondoka bila unga aliokuja kununua.

Kwa familia nyingi zinazolea mtoto mwenye usonji, hali ambayo pia huitwa tawahudi, tukio la aina hii si geni. Ndilo huwafanya wazazi waache kwenda naye kanisani au msikitini, waache kupanda naye matatu, na hatimaye wamfungie nyumbani. Shule nazo aghalabu humrudisha mtoto kwao si kwa sababu hawezi kusoma, bali kwa sababu walimu wameshindwa na hasira zake.

Makala haya yanaeleza chanzo cha hasira hizo, namna ya kuzitambua mapema, na mambo ambayo mzazi au mwalimu anaweza kufanya hata pasipo mtaalamu karibu.

Usonji si ugonjwa wa kuambukiza, wala si wazimu. Ni tofauti katika ukuaji wa ubongo inayoanza mapema mno maishani. Mtoto huwa na ugumu wa kuwasiliana na kutangamana na wengine, hupenda mambo yaleyale yafanywe kwa njia ileile, na mara nyingi huhisi sauti, mwanga, harufu au mguso kuliko watu wengine, au pengine asivihisi inavyotarajiwa. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa mnamo 2021 mtu mmoja kati ya kila 127 duniani alikuwa na hali hii.

Daktari Leo Kanner wa Baltimore, Marekani, ndiye aliyeandika mwaka wa 1943 kuhusu watoto 11 na kuifanya hali hii ijulikane miongoni mwa madaktari. Katika maelezo yake tayari lipo suala tunalolizungumzia hapa. Aliona kwamba watoto hao walifadhaika sana pale utaratibu wa nyumbani au mpangilio wa vyombo ulipobadilishwa, na kwamba sauti za mashine za kawaida za nyumbani ziliwatia hofu kubwa. Kwa maneno mengine, kilichoonekana kuwa hasira kilikuwa na sababu yake tangu mwanzo.

Kwa bahati mbaya, miaka iliyofuata iliwapotosha wengi. Katika miaka ya 1950 na 1960 ilidaiwa kuwa usonji huletwa na mama asiyempenda mwanawe, na mwandishi Bruno Bettelheim alikuwa miongoni mwa waliolieneza dai hilo. Bernard Rimland, mwanasaikolojia ambaye mwenyewe alikuwa na mtoto mwenye usonji, alilipinga kwa hoja katika kitabu alichokichapisha mwaka wa 1964, na leo hakuna mtaalamu wa maana anayeliamini. Humu nchini lawama huja kwa lugha nyingine: laana ya ukoo, mapepo, ulozi, au adhabu ya kosa la zamani. Maneno yamebadilika lakini kidole kingali kinamwelekea mama yuleyule.

Deko na mlipuko

Jambo la kwanza ambalo mzazi anapaswa kulijua ni kuwa kuna tofauti kati ya mtoto anayedeka na mtoto aliyelemewa.

Mtoto anayedeka ana anachokitaka. Hulia huku akimwangalia mamaye aone kama kilio kinafanya kazi, hujihadhari asiumie, na hunyamaza mara tu anapopewa peremende. Mtoto aliyelemewa hamwangalii mtu. Haachi hata akipewa kile alichokuwa akikitaka, anaweza kujiumiza bila kujali, na hutulia tu mwili unapochoka. Mlipuko wa namna hii hauna lengo. Ni kama birika lililojaa hadi mfuniko ukaruka.

Hata hivyo, mtoto mwenye usonji ni mtoto kama wengine na anaweza kudeka pia. Tena kilio kilichoanza kama cha kudai kitu kinaweza kugeuka kuwa mlipuko wa kweli katikati ya safari. Mzazi anayeona kila kilio ni usonji hukosea, sawa na yule anayeona kila kilio ni utundu.

Wapo pia wasiolipuka kwa nje. Mtoto wa aina hii anapozidiwa hujikunja chini ya meza, huziba masikio, huacha kusema na huonekana kama hasikii anapoitwa. Walimu humhesabu kuwa mtulivu na kumsahau, ilhali anateseka vilevile.

Mwili wa mtoto aliyelemewa huwa katika hali ya kujihami. Moyo humdunda, pumzi humwenda mbio, na ubongo hushughulika na hatari, iwe ya kweli au la. Wakati huo maneno hayaingii. Ndiyo maana kumwuliza mtoto anayelipuka, "Umefanya hivi kwa nini?" ni kupoteza nguvu, na kumpa mawaidha marefu ni kumwongezea kelele katika masikio ambayo tayari yamejaa.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Utafiti unaonyesha kwamba takriban nusu ya watu wenye usonji hupata ugumu wa kutambua na kutaja hisia zao wenyewe. Mtoto anaweza kuwa na njaa, kiu, haja ya kwenda msalani au maumivu ya jino, naye asijue ni nini hasa kinachomsumbua. Anachokijua ni kwamba kuna kitu kibaya ndani yake. Kisha nduguye anakohoa, na kikombe kinarushwa.

Anza kwa daktari na kwa daftari

Iwapo hasira zimeanza ghafla au zimezidi ghafla kwa mtoto aliyekuwa ametulia, afanyiwe uchunguzi wa kiafya kabla ya jambo jingine lolote. Meno yaliyooza, maambukizi ya masikio, kufunga choo na kukosa usingizi ni mambo ya kawaida kwa watoto hawa, na mengi hupita bila kugunduliwa kwa kuwa mtoto hawezi kusema panapomwuma. Kifafa nacho huwapata watu wenye usonji zaidi ya watu wengine. Kwa msichana aliyebaleghe, mzazi aangalie kama siku ngumu zinalingana na hedhi yake.

Baada ya hapo litafutwe daftari. Hiki ndicho kifaa bora kuliko vyote, na bei yake haizidi ya mkate. Kila mtoto anapolipuka, mzazi aandike mambo matatu: kilichotokea kabla, alichofanya mtoto, na kilichofuata baadaye. Aandike pia siku, saa, mahali na waliokuwepo. Wiki mbili au tatu zinatosha kuanza kuona mkondo.

Tuchukue mfano wa mvulana anayelipuka karibu kila siku kati ya saa kumi na saa kumi na mbili jioni. Mwalimu anaapa kuwa shuleni hana shida, na baba anahitimisha kwamba mama ndiye anayemharibu. Daftari linaonyesha jambo tofauti. Siku za Jumamosi na za likizo hakuna mlipuko saa hizo. Ukweli ni kwamba mtoto amevumilia kengele, vumbi la chaki, sweta inayowasha na kelele za wanafuzi hamsini tangu asubuhi, akajizuia kwa nguvu zake zote, na anapofika mahali anapojihisi salama nguvu hizo zinaisha. Mtoto huyu hahitaji adhabu. Anahitaji nusu saa ya kimya, chakula na nguo nyepesi kabla ya mtu yeyote kumwuliza kuhusu kazi ya ziada.

Wakati mwingine mkondo huwa mdogo kuliko hivyo: mvua inapopiga mabati, stima zinapopotea katikati ya kipindi cha runinga, matatu inapopita njia nyingine kukwepa msongamano, uji unapotiwa katika kikombe cha rangi nyingine. Mambo haya ni madogo machoni pa mtu mzima.

Safu ya tatu ya daftari, ile ya kilichofuata, ndiyo wazazi wengi huipuuza, nayo husema mengi. Ikiwa kila mara mtoto anapopiga kelele kazi ngumu huondolewa, au hupewa simu achezee, basi amejifunza kuwa kelele ni lugha inayosikilizwa. Hana hila. Ametumia njia pekee iliyowahi kumfaa.

Mpe lugha nyingine

Mwaka wa 1985 watafiti wawili wa Marekani, Edward Carr na Mark Durand, walichapisha kazi ambayo hadi leo ni msingi wa mafunzo mengi. Walichunguza watoto wanne wenye ulemavu wa ukuaji waliokuwa na vurugu darasani. Waligundua kwamba vurugu zilitokea kazi ilipokuwa ngumu au walimu walipoacha kuwajali. Badala ya kuwaadhibu, waliwafundisha maneno ya kusema: kuomba msaada wasipoelewa, au kuuliza kama wanafanya vyema. Vurugu zilipungua sana.

Somo linalopatikana hapo ni rahisi kulieleza ingawa si rahisi kulitekeleza. Kila hasira ina ujumbe ndani yake, na mtoto hawezi kuiacha mpaka apewe njia nyingine, iliyo nyepesi zaidi, ya kuufikisha ujumbe uleule. Maneno kama "nisaidie", "basi", "nimechoka", "kelele" na "ngoja" yana thamani kubwa kwa mtoto kuliko kujua kuhesabu hadi mia.

Asiyezungumza anaweza kutumia kadi yenye picha, ishara ya mkono, au kumpa mtu kitu fulani kilichokubaliwa. Wazazi wengine huhofu kuwa ishara na picha zitamfanya mtoto asiseme kabisa. Hofu hiyo haina msingi. Kwa baadhi ya watoto picha ndizo hufungua njia ya maneno.

Katika wiki za kwanza ombi la mtoto lazima liheshimiwe kila mara na papo hapo. Akitoa kadi ya mapumziko, apumzike, hata kama amefanya hesabu moja tu. Mwalimu ataona kana kwamba anachezewa, na kwa muda huenda ni kweli. Lakini mtoto akishaamini kuwa kadi inafanya kazi, muda wa kungoja huongezwa kidogo kidogo: hesabu moja kwanza, kisha mapumziko, halafu mbili, halafu tano. Walioshindwa na njia hii wengi wao waliharakisha hatua hii au waliisahau kadi nyumbani.

Maziwa yanayopanda

Hatua inayofuata ni kumfundisha mtoto kutambua hasira yake ingali chini. Wataalamu wawili wa Marekani, Kari Dunn Buron na Mitzi Curtis, walitoa mwaka wa 2003 kitabu kinachoeleza kipimo chenye ngazi tano, ambapo ngazi ya kwanza ni utulivu kamili na ya tano ni mlipuko. Kila ngazi huelezwa kwa sura yake, jinsi mwili unavyohisi, na kinachoweza kufanywa hapo.

Nambari pekee hazimwambii kitu kila mtoto, hivyo ni vyema kutumia anachokijua. Kwa mtoto anayekaa jikoni na nyanyake, sufuria ya maziwa ni mfano mzuri: maziwa baridi, maziwa vuguvugu, maziwa yanayotoa mvuke, maziwa yanayopanda, na maziwa yaliyofurika na kuzima moto. Mtoto anayependa matatu anaweza kupewa gia tano. Michoro itiwe rangi na kubandikwa ukutani, na watu wote wa nyumbani waitumie, watu wazima wakiwemo. Baba anaposema mbele ya mtoto, "Mimi sasa natoa mvuke, naenda kukaa nje kidogo," anafundisha kuliko kitabu chochote.

Mafunzo haya hufanywa mtoto akiwa ametulia, dakika chache kila siku, kwa miezi. Lengo ni kumgundua akiwa katika ngazi ya tatu. Dalili za ngazi hiyo hutofautiana: mmoja hutembea huku na huku, mwingine hurudia neno moja, mwingine masikio humwiva, mwingine huanza kukwangua vidole. Mzazi makini huzijua dalili za mwanawe kama mvuvi anavyolijua wingu. Hapo ndipo mtoto huongozwa kufanya jambo la kumtuliza. Akishafika ngazi ya tano hakuna la kufundisha tena.

Jambo la kutuliza hutofautiana kutoka mtoto mmoja hadi mwingine. Wengi hufaidika na kazi inayoupa mwili uzito: kubeba mtungi mdogo wa maji, kusukuma toroli, kukanda unga wa chapati, kuruka, kubembea. Wengine hutulia wakijifunga leso au blanketi zito, au wakikaa pembeni palipotundikwa kanga ili kuzuia mwanga. Kupumua polepole hufaa iwapo mtoto amefundishwa kwa kupuliza mshumaa au povu la sabuni. Kumwambia tu "vuta pumzi" huwa hakumfikii. Ikiwa njia moja haijamfaa baada ya majaribio kadhaa, iachwe. Hakuna dawa ya wote hapa.

Pembe hiyo ya utulivu isitumiwe kamwe kama mahali pa adhabu. Mtoto akifungiwa humo siku moja kwa kosa, pamekufa.

Zipo njia za kuzuia moto kabla haujawaka. Mpango uitwao TEACCH, ulioanzishwa na Eric Schopler katika jimbo la North Carolina mwaka wa 1972, uliipa umaarufu ratiba ya picha inayomwonyesha mtoto kinachofuata. Haihitaji tarakilishi wala karatasi za bei. Picha zikatwe kutoka magazeti makuukuu na pakiti za unga, zibandikwe kwenye kadibodi na kupangwa kutoka asubuhi hadi jioni, kisha mtoto aziondoe moja moja. Safari ikibadilika, picha ibadilishwe mbele yake kabla ya kutoka nyumbani. Lebo za nguo zikatwe. Mtoto anayeumizwa na kelele apewe vizuia sauti vya masikio kama vinavyovaliwa na mafundi wa mashine, na kama kijijini kuna matanga yenye vipaza sauti usiku kucha, alazwe kwa jamaa mwingine.

Moto unapowaka

Pamoja na hayo yote, siku ya mlipuko itafika. Wakati huo kazi ya mtu mzima ni moja: kuhakikisha hakuna anayeumia hadi uishe.

Punguza maneno, na yaliyobaki yasemwe kwa sauti ya chini. Ondoa watu, ndugu zake waende kwa jirani kama walivyozoezwa. Ondoa visu, chupa na maji moto. Usimkazie macho wala usimsimamie juu ya kichwa. Keti au simama kando, umbali wa hatua mbili hivi. Usimguse ila kukiwa na hatari, kwani mguso unaomliwaza mtoto mwingine unaweza kumchoma huyu. Akigonga kichwa, tia mto au leso iliyokunjwa baina ya kichwa na sakafu. Ikibidi kumzuia asikimbilie barabarani, asilazwe kifudifudi wala kukandamizwa kifua au mgongo. Watoto na watu wazima wamewahi kufa kwa kukosa hewa katika hali hiyo.

Kisha ngoja. Kungoja ndiko kunakowashinda wengi, hasa mbele za watu. Anayepita na kutaka kusaidia anaweza kuwaomba wengine waondoke, au kumbebea mama mizigo yake. Kurekodi video kwa simu si msaada.

Mlipuko ukiisha mtoto huwa hoi. Apewe maji, mahali pa kulala, na asihojiwe. Wengine huona aibu kubwa au hawakumbuki vyema yaliyotokea. Mazungumzo, kama anaweza kuyafuata, yangoje hadi siku ya pili, na yawe mafupi; michoro ya vibonzo humsaidia kuona nani alifanya nini na nini kingefanywa badala yake. Ikiwa alivunja kitu, ashiriki kukusanya vipande. Hiyo haitoshi kuitwa adhabu, na si lazima iitwe hivyo.

Kwa kijana wa miaka kumi na minne aliye mrefu kuliko mamaye, mambo haya huwa na uzito mwingine. Ni heri familia ikubaliane mapema ni nani ataitwa, ni mlango upi utaachwa wazi na ni chumba kipi mama ataingia kujisalimisha. Jirani mmoja au wawili na mzee wa mtaa waelezwe hali yake wakati wa amani, ili siku ya taabu wasimdhanie kuwa mlevi au mwizi. Hofu hiyo si ya kubuni katika nchi ambako kelele za "mwizi" hukusanya umati kwa dakika moja.

Kiboko hakifundishi hili

Wapo watakaosoma haya na kusema kwamba fimbo ingemaliza maneno. Kisheria, viboko shuleni vilipigwa marufuku mwaka wa 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamzuia mwalimu kumwadhibu mwanafunzi kwa kumwumiza mwili au akili. Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 29, inamlinda kila mtu dhidi ya adhabu ya kikatili na ya kudhalilisha.

Tukiiacha sheria kando, fimbo haifanyi kazi. Mtoto aliyelemewa hawezi kuyaunganisha maumivu ya kiboko na kosa lake. Kwake ni hatari mpya juu ya ile ya kwanza. Pengine atanyamaza kwa woga, na mzazi ataamini ameshinda, hadi mtoto huyo akue na kuwa na nguvu za kurudisha alichofundishwa. Kumfunga kwa kamba au kumfungia chumbani kutwa, jambo ambalo wazazi wengine hulifanya si kwa chuki bali kwa kukata tamaa na kukosa wa kumwachia mtoto waende kazini, humwongezea hofu na kumnyima nafasi ya kujifunza.

Temple Grandin, profesa wa sayansi ya mifugo katika Chuo Kikuu cha Colorado State na mmoja wa watu mashuhuri zaidi wenye usonji, amesimulia mara nyingi jinsi alivyofukuzwa shule akiwa na umri wa miaka 14 kwa kumrushia kitabu msichana aliyemkejeli. Katika shule ya bweni aliyohamia aliendelea kupigana, hadi akanyimwa ruhusa ya kupanda farasi, jambo alilolipenda mno. Anasema hapo ndipo alipojifunza kulia badala ya kupigana. Hasira haikumwisha, alibadilisha mlango wake wa kutokea. Akiwa na miaka 18 alijiundia mashine ya kuubana mwili kwa upole, baada ya kuona jinsi ng'ombe walivyotulia walipobanwa ili wachanjwe, nayo ilimpunguzia wahaka kwa miaka mingi.

Si kila mtoto atakuwa profesa, na si haki kumpima mtoto wa mtu kwa Grandin. Lakini kisa chake kinaonyesha mambo mawili: kwamba kujidhibiti hufundishika hata katika ujana, na kwamba mwenye hali yenyewe mara nyingi ndiye anayejua kinachomtuliza.

Dawa na msaada

Hakuna dawa inayoponya usonji. Dawa mbili, risperidone na aripiprazole, ziliidhinishwa nchini Marekani mwaka wa 2006 na 2009 kupunguza hasira kali na kujiumiza kwa watoto wenye usonji. Huwasaidia baadhi, hasa pale usalama ulipo hatarini, lakini zinaweza kumfanya mtoto anenepe kupita kiasi na kusinzia, na hazipaswi kutolewa bila daktari anayempima mtoto mara kwa mara. Kuhusu wauzaji wa mitishamba ya siri na maji ya klorini wanaodai kusafisha usonji mwilini, la kusema ni fupi: maji hayo ni sumu.

WHO imeandaa mafunzo ya walezi wa watoto wa umri wa miaka miwili hadi tisa wenye matatizo ya ukuaji, yenye vikao tisa vya kikundi na ziara tatu za nyumbani, yanayoweza kuendeshwa na wahudumu wasio wataalamu. Yamefanyiwa majaribio katika mataifa mengi, Kenya na Ethiopia zikiwemo.

Humu nchini, mlango wa kwanza kwa mzazi ni vituo vya kutathmini watoto wenye mahitaji maalum, vijulikanavyo kama EARC, vilivyoanzishwa mwaka wa 1984. Taasisi ya Elimu Maalum (KISE) iliyoko Kasarani, Nairobi, ina kituo chake cha tathmini na ndiyo hufunza walimu wengi wa taaluma hii. Chama cha Usonji cha Kenya, kilichoanzishwa na wazazi, huwaunganisha wenye watoto wa hali moja. Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu husajili watoto, na usajili huo ndio hufungua njia ya misaada mingine.

Mzazi anayekwenda kwenye tathmini abebe kadi ya kliniki ya mtoto, barua au ripoti kutoka shuleni kama ipo, na lile daftari. Kama ana video fupi ya tukio aliyoichukua mwenyewe kwa ajili ya daktari, aiende nayo pia, kwa maana siku ya tathmini mtoto huenda akakaa kimya mbele ya mtaalamu kama maji ya mtungini.